Mungu Alimpa Musa Msaidizi: Juu ya Mtoto Mwenye Kilema na Fasi Yake Masomoni



Mapendo, amri na kazi viwe pamoja nanyi.

Kuna swali ambalo wazazi wengi wanaliuliza kwa sauti ya chini, ibada ikiisha, wanapovaa tena viatu vyao. Mmoja mtoto wake hasikii. Mwingine mtoto wake haoni vizuri, ao miguu yake haina nguvu, ao akili yake inakwenda polepole kuliko ya wenzake. Wanasema: "Tumeomba miaka mingi. Tumemnywesha maji ya Nkamba. Sasa nikienda kwa direkta wa masomo kumwambia amfanyie mtoto wangu mpango wa pekee, si ni kama kutangaza mbele ya watu kwamba sitazamii tena Mungu amponye?" Wengine wanaongeza: "Na mimi ni nani hata nimsumbue direkta? Akikubali, ni huruma yake. Akikataa, nitanyamaza."

Hapa kuna maswali mawili. La kwanza ni la imani: je, kutafuta msaada wa masomo ni kumkosea Mungu? La pili ni la haki: je, msaada huo ni sadaka, ao ni deni? Tuyapime yote mawili mbele ya Neno, mbele ya historia ya Kanisa letu, na mbele ya sheria za nchi.

1. Kanisa la uponyaji na mtoto ambaye hajapona

Sisi ni watu wa uponyaji. Kazi ya Papa Simon Kimbangu ilijulikana tangu tarehe 6 Aprili 1921, alipomwekea mikono mwanamke mgonjwa kwa jina la Yesu, naye akapona. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu, wakaenda Nkamba, wakiwabeba wagonjwa wao. Hakuna Mkimbanguisti anayeweza kuona haya juu ya habari hiyo.

Lakini kwa sababu tunaamini uponyaji, kuna hatari mbili zinazotunyemelea. Ya kwanza: mtoto asipopona, tunaanza kutafuta mwenye kosa. Wengine wanasema mama yake alikosa. Wengine wanasema ni laana ya babu. Wengine, na hilo ni baya kupita yote, wanamtazama mtoto mwenyewe na kusema ni mlozi. Wanafunzi wa Yesu waliuliza jambo kama hilo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani aliyetenda zambi, yeye ao wazazi wake? Bwana aling'oa swali hilo na mizizi yake. Si yeye, wala si wazazi wake (Yohana 9:1-3). Nayo Leta imekataza jambo hilo. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamtia mwenye kumshitaki gerezani mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. Mkristo anayemwita mtoto kilema mlozi anavunja amri ya Mungu na sheria ya nchi pamoja.

Hatari ya pili haina kelele. Mtoto anafichwa nyumbani "mpaka apone". Ndugu zake wanavaa nguo za masomo asubuhi, yeye anabaki uani kulinda nyungu. Mwaka unapita, na mwingine, na mwingine. Anatimiza miaka 12 hajui kuandika jina lake. Hata Mungu akimfungua masikio siku hiyo, atakuwa kijana mwenye masikio mazuri asiyejua kusoma. Je, kungoja namna hiyo ni imani? Mkulima anaomba mvua, lakini halali usingizi mpaka mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Analima udongo ungali mkavu, kwa sababu anaamini mvua itakuja. Mzazi anayempeleka mtoto masomoni kabla hajapona anafanya vivyo hivyo.

2. Ulimi wa Musa

Soma Kutoka 4:10-16. Musa anamwambia Mungu kwamba yeye si msemaji, kinywa chake ni kizito na ulimi wake ni mzito. Mungu anamjibu kwamba ni Yeye aliyefanya kinywa cha mtu, na kwamba bubu na kiziwi, mwenye kuona na kipofu, wote wako mkononi mwake. Mungu anayesema maneno hayo angeweza kuuponya ulimi ule papo hapo. Biblia haisemi kwamba aliuponya. Inasema kwamba alimpa msaidizi: Haruni ndugu yake, ambaye anasema vizuri, na ambaye yuko njiani anakuja.

Tuangalie mambo matatu hapa. Jambo la kwanza, msaidizi alitoka kwa Mungu mwenyewe. Hakuna anayeweza kusema Musa alikosa imani kwa kukubali Haruni aseme kwa ajili yake. Jambo la pili, msaada ulifuata shida. Shida ilikuwa ya kinywa, na msaada ulikuwa kinywa. Mungu hakumpa Musa pesa, wala hakumpa maneno ya kumhurumia. Jambo la tatu, kazi ya Musa haikupunguzwa. Haruni alisema, lakini Musa alibaki ndiye aliyetumwa. Mungu hakumwambia, "Kwa kuwa husemi vizuri, rudi ukachunge kondoo."

Basi mwalimu anayemwandikia mtoto kiziwi ubaoni yale anayowaambia wengine kwa mdomo, anafanya kazi ya Haruni. Mtoto wa jirani anayemsukuma mwenzake kwenye kigari mpaka mlango wa darasa, anafanya kazi ya Haruni. Kumtafutia mtoto wako Haruni wake si kumwacha Mungu. Ni kupokea jibu lake katika umbo ambalo hukulitazamia.

3. Efatha

Katika Marko 7, Yesu alimwambia kiziwi neno moja, Efatha, na masikio yake yakafunguka. Katika nchi yetu kuna mashule ya viziwi yenye kubeba jina hilo. Asili yake ni kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye ugonjwa ulimfanya kuwa kiziwi akiwa na miaka 11. Mwaka 1957 alianzisha shule ya viziwi Accra, katika Ghana, kisha akaendelea kufungua nyingine katika nchi nyingi za Afrika, hata Zaire ya wakati ule. Alikufa tarehe 3 Desemba 1987, ndege ilipoanguka katika Rwanda, angali katika kazi hiyo. Masikio yake hayakufunguka tena. Lakini kwa mikono yake maelfu ya viziwi walipata lugha ya ishara, wakasoma, wakalijua Neno la Mungu. Nani atasema kwamba hakukuwa na Efatha hapo?

4. Meza ya Daudi ilikuwa deni

Tuje sasa kwenye swali la pili. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka 5 mlezi wake alipokimbia naye akamwangusha, akawa kilema wa miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Baadaye mfalme Daudi alimwita na kumpa fasi mezani pake. Tunaihubiri sana meza hiyo. Lakini tusome sura ya 9 mpaka mwisho.

Daudi hakufanya hayo kwa huruma tu. Alifanya kwa ajili ya agano alilofanya na Yonathani. Alikuwa analipa deni. Tena hakuishia kwenye meza. Alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli. Na kwa kuwa mtu wa miguu miwili mibovu hawezi kulima, alimwamuru Siba, pamoja na wana wake 15 na watumishi wake 20, wamlimie mashamba hayo. Daudi alielewa kwamba kumpa kilema shamba bila mikono ya kulima ni kumpa maneno matupu.

Ndivyo ilivyo na masomo. Direkta akimwandika mtoto asiyesikia katika daftari ya wanafunzi, kisha akamkalisha nyuma kabisa, anakotazama migongo ya wenzake mwaka mzima, amempa shamba bila Siba. Kuandikwa tu hakutoshi. Mtoto ana haki ya kufundishwa mpaka afahamu.

5. Sisi wenyewe tulifungiwa mlango

Wazee wetu wanajua habari hii, vijana waisikie. Katika miaka ya 1950, watoto wa Wakimbanguisti walifukuzwa katika mashule ya misioni kwa sababu ya imani ya wazazi wao. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa na alama moja tu ambayo wenye mashule hawakuitaka. Papa Simon Kimbangu mwenyewe alifungwa hapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tangu hukumu ya 1921 mpaka alipofariki gerezani tarehe 12 Oktoba 1951.

Wazazi wetu hawakusema, "Basi, ndiyo mapenzi ya Mungu, watoto wabaki nyumbani." Kanisa lilifungua mashule yake lenyewe, kwanza maskini sana, watoto wakikaa chini. Tarehe 26 Februari 1977, Leta ilitia sahihi mapatano na Kanisa la Katolika, la Protestanti na la Kimbanguisti, ikatukabizi uongozi wa mashule. Leo mashule ya konvansione ya Kimbanguisti yako katika nchi nzima.

Ninauliza, bila hasira: watu waliofukuzwa masomoni kwa sababu ya alama ambayo mtoto hakuichagua, wanaweza namna gani kumfukuza mtoto kwa sababu ya alama ambayo hakuichagua? Kila shule yenye jina la Papa Simon Kimbangu ukutani ni ushuhuda juu ya mlango uliofungwa. Ikiwa mtoto kiwete anarudishwa kwenye mlango wa shule hiyo, ushuhuda wetu unageuka kuwa uongo.

6. Neno la direkta

Tusimzulumu direkta pia. Yeye ana neno lake, na neno lake lina uzito. Anasema: "Nina watoto 60 ao 70 katika darasa moja, na mwalimu mmoja. Tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa zaidi. Walimu wangu hawakufundishwa lugha ya ishara. Mwalimu akitumia dakika 10 kwa mtoto mmoja, hawaibii wale wengine?"

Jibu langu la kwanza ni hili. Tunafikiri watoto wengine hawapewi msaada wowote, na kwamba kilema ndiye anayeomba kupendelewa. Si kweli. Sauti ya mwalimu ni msaada kwa wanaosikia. Ubao ni msaada kwa wanaoona. Ngazi za mlangoni ni msaada kwa wenye miguu. Shule imejaa misaada, lakini imetengenezwa kwa watoto wa namna moja, na kwa kuwa tumeizoea hatuioni tena. Mtoto kilema haombi kitu kupita wenzake. Anaomba kile wanachokipata tayari, kwa njia inayomfikia yeye.

Jibu la pili: misaada mingi haiombi hata franka moja. Kumkalisha kwenye benchi ya kwanza, karibu na dirisha. Kumtazama usoni unaposema, ili asome midomo yako. Kuandika herufi kubwa. Kumwongezea wakati katika maulizo. Kumpa rafiki mmoja wa kumsaidia kunakili. Kuhamisha darasa lake chini, ikiwa jengo lina ngazi. Ninamfahamu mtoto mmoja msichana aliyerudia mwaka wa pili mara mbili, mwalimu akimwita mvivu na mjinga, mpaka mtu wa hospitali akagundua kwamba sikio moja limekufa na lingine linasikia nusu. Alihamishwa tu benchi, na mwalimu akaombwa asiseme akigeukia ubao. Mwaka huo alipita. Hata wale wa nyuma walifaidika, kwa kuwa mwalimu alianza kusema wazi.

Jibu la tatu: pale direkta anaposema kweli, tumkubalie. Kuna mambo ambayo mwalimu mmoja hawezi. Kipofu anahitaji maandishi ya Braille na mtu anayeyajua. Kiziwi kabisa anahitaji lugha ya ishara. Watoto wengine watasoma vizuri zaidi katika shule ya pekee, kama ipo karibu. Lakini kusema "siwezi peke yangu" si sawa na kusema "mtoto huyu si wangu". La kwanza linaita wengine waje kusaidia. La pili linafunga mlango.

7. Njia ya kupita

Wengi wanafikiri wanaomba fadhili kwa sababu hawajui Leta imesema nini. Katiba, kipengele cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika mashule ya Leta. Kipengele cha 49 kinawapa watu wenye vilema haki ya kulindwa kwa njia ya pekee. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inampa mtoto mwenye kilema usawa katika masomo. Mwaka 2015 nchi yetu ilikubali Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye vilema, ambayo kipengele chake cha 24 ni cha masomo. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na kilema. Tunajua vizuri kwamba sheria ya karatasi haisukumi kigari. Lakini mzazi anayeijua anaingia katika ofisi akiwa mwenye haki, hasimami mlangoni kama mwombaji.

Basi, mzazi, fanya hivi.

Kwanza, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio, na uombe karatasi ya daktari. Usikubali jina la "mjinga" kabla ya kupima.

Pili, nenda kwa direkta wakati wa kuandikisha, kabla mwaka haujaanza. Baba na mama mwende pamoja, na shemasi ao mzee wa parokia awafuate. Mzazi mmoja peke yake anarudishwa kwa urahisi kuliko watu watatu.

Tatu, usiseme tu "mumsaidie mtoto wangu". Sema vitu vinavyoweza kuhesabika: benchi ya kwanza, herufi kubwa, wakati zaidi katika maulizo. Yaandike katika barua, na ubaki na nakala yenye tarehe na muhuri wa shule.

Nne, rudi kila baada ya miezi mitatu kuuliza kama yanafanyika. Nenda kwa upole, lakini rudi.

Tano, ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kisha peleka neno kwa komite ya wazazi, na kwa koordinasio ya mashule yetu, ikiwa shule ni ya konvansione. Isiposikia, nenda sudivisio ya elimu, kisha Divisio ya Elimu ya provensi. Divisio ya Mambo ya Jamii nayo ina kazi juu ya watu wenye vilema. Mjane katika Luka 18 hakumpiga mwamuzi wala hakumtukana. Alirudi tu, mpaka akapewa haki yake.

Sita, mwaka wa mwisho wa msingi, mkumbushe direkta mapema juu ya mtihani wa Leta, ili mpango wa mtoto usiachwe mpaka siku ya mtihani yenyewe.

8. Kazi ya parokia

Kati ya maneno yetu matatu, la tatu ni kazi. Mapendo bila kazi ni hewa. Parokia inayojua kufanya nsinsani kwa ajili ya mabati ya hekalu inaweza kufanya nsinsani moja kwa mwaka kwa ajili ya miwani, kigari, ao nauli ya kumpeleka mtoto kupimwa. Wababa wanaojua kuchanganya simenti wanaweza, Siku ya Posho moja, kutengeneza mteremko mahali pa ngazi za darasa. Wale watu wanne wa Kapernaumu walifungua hata dari ya nyumba ya watu ili mwenzao aliyepooza afike mbele ya Yesu (Marko 2:1-12), na Bwana hakuwagombeza juu ya nyumba. Aliitazama imani yao. Vijana waliomaliza masomo wanaweza kukaa na mtoto mmoja jioni, saa moja, kurudilia somo la siku. Na wahubiri waache kutumia neno kipofu ao kiziwi kana kwamba ni tusi, kwa kuwa kipofu na kiziwi wamekaa katikati yetu.

Tuendelee kuomba. Asiwepo mtu atakayesema shemasi amewakataza kuomba. Mwombee mtoto wako asubuhi, umwekee maji ya Nkamba midomoni, kisha umfunge viatu, umpeleke masomoni. Mambo hayo hayagombani. Yule aliyeuumba ulimi wa Musa ndiye aliyemweka Haruni njiani. Na katika parokia yako, ndugu yangu, dada yangu, huenda Haruni anayengojewa na mtoto wa jirani ni wewe.

Mungu Baba atubariki. Amina.